FADHILI WILLIAM: Mdawida aliyeipa dunia Malaika

WATU wanaoweza kuimba wimbo wa Malaika ni wengi mno duniani, lakini wanaoweza kumtaja mtu wa kwanza kuurekodi ni wachache.

Mtu huyo ni Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita Taveta, aliyefariki jijini Nairobi mnamo Februari 11, 2001 akiwa na umri wa miaka 62.

Sauti yake ndiyo iliyouondoa wimbo huo katika kumbi za starehe za Afrika Mashariki na kuufikisha kwa waimbaji wa Marekani, Ujerumani, Uswidi na Afrika Kusini. Hata hivyo, kadiri wimbo ulivyozidi kusafiri ndivyo jina lake lilivyozidi kubaki nyuma.

Isitoshe, hadi alipoingia kaburini, mjadala kuhusu nani hasa aliyeutunga ulikuwa haujakwisha. Haujakwisha hadi leo.

Maisha ya Fadhili kwa hivyo ni zaidi ya habari za mwimbaji mmoja. Ni kisa cha kizazi kizima cha wanamuziki wa Kenya waliopiga gitaa na kuimba kabla ya kujua kwamba wimbo ni mali, na kwamba mali isiyo na hati hugombaniwa.

Mtoto wa Taita

Fadhili alizaliwa Novemba 11, 1938 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta. Jina Mdawida linatosha kueleza asili yake, kwani Wataita hujiita Wadawida, na lugha yao ni Kidawida.

Taita Taveta ni eneo la njia panda. Voi ulikua kuwa mji kutokana na reli iliyotoka Mombasa kwenda bara mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Voi hadi Taveta ili kusafirisha askari na silaha za kupigana na Wajerumani waliokuwa upande wa Tanganyika.

Magharibi mwa Voi, barabara hupita Mwatate na Maktau, ikakata nyika ya Tsavo hadi Taveta. Kutoka hapo njia hupinda kuelekea kaskazini, ikapita karibu na Ziwa Chala hadi Njukini, kisha ikaambaa na mpaka wa Tanzania kuelekea Loitokitok.

Katika maeneo kama Njukini, Mtaita, Mtaveta, Mkamba, Mmaasai na Mchaga hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Nyimbo huvuka mpaka huo bila kuulizwa pasipoti. Jambo hilo litafaa kukumbukwa baadaye, kwa sababu mzozo wa Malaika una watu wa pande zote mbili za mpaka.

Vijana wa Taita wa wakati wa Fadhili walikuwa na milango miwili ya kutokea. Mmoja ulielekea Mombasa, kwenye bandari na muziki wa pwani. Wa pili ulielekea Nairobi, kwenye ajira, kumbi za dansi na, kwa waliobahatika, studio za kurekodi. Fadhili alipata umaarufu wake kupitia mlango wa pili.

Nairobi ya magitaa

Nairobi ya miaka ya 1950 ilikuwa jiji lenye sura mbili. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 kutokana na vita vya Mau Mau iliwabana Waafrika kwa vipande, misako na amri za kutotoka nje usiku. Hata hivyo, katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni, kumbi za jamii ziliendelea kutumbuiza watu kwa dansi.

Askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili walikuwa wamekuja na ladha mpya ya muziki. Miongoni mwao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama aliyeimba Kiswahili safi juu ya gitaa na ambaye anahesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa kisasa nchini Kenya.

Kutoka Congo walifika mafundi wa gitaa la vidole kama Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Magharibi mwa Kenya walitokea akina George Mukabi na John Mwale. Sahani za santuri ziliuzwa madukani, na redio ikawabeba waimbaji hadi vijijini ambako wao wenyewe hawakuwahi kufika.

Hiyo ndiyo shule aliyoingia Fadhili. Alikuwa na sauti laini isiyo na papara, sauti inayokaa juu ya gitaa bila kulifunika. Hakuwa mwimbaji wa kupaza. Nguvu yake ilikuwa katika kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa namna iliyomfanya msikilizaji aamini kwamba anaambiwa yeye peke yake.

Mnamo 1960 hivi, akiwa na kundi lake lililoitwa Jambo Boys, aliurekodi wimbo wa Malaika kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana wa miaka 21 au 22.

Siku za Equator

Miaka michache baadaye Fadhili alikuwa katika studio za Equator Sound jijini Nairobi, zilizoongozwa na Mwingereza Charles Worrod. Huko ndiko alikoirekodi Malaika upya mnamo 1963, mwaka ambao Kenya ilijinyakulia uhuru.

Studio hiyo ilikuwa na bendi yake ya kudumu, Equator Sound Band, ambayo Fadhili aliiongoza. Ndani yake walikuwamo Daudi Kabaka na Gabriel Omolo wa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, na Charles Sonko wa Uganda.

Ukiyatazama majina hayo, unaona kwamba wanamuziki walikuwa wameunda Afrika Mashariki na Kati yao wenyewe kabla ya wanasiasa kukubaliana juu ya shirikisho. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili, na mtindo wao ulikuwa twist ya Kiafrika, dansi iliyochanganya mapigo ya kusini mwa Afrika na magitaa ya Nairobi.

Kabaka aliitwa mfalme wa twist. Wimbo wake wa Helule Helule ulichukuliwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mnamo 1968 na kupata umaarufu huko. Omolo naye alikuja kuvuma miaka ya 1970 kwa wimbo wa Lunch Time, uliosimulia dhiki ya mfanyakazi wa mjini saa za chakula cha mchana.

Fadhili alikuwa na nyimbo nyingine, zikiwamo Taxi Driver na Hakuna Mwingine. Lakini hakuna hata mmoja uliofika mbali kama ule wa kijana maskini na mpenzi wake.

Ndege aliyevuka bahari

Maudhui ya Malaika hayana ugumu wowote. Kijana anampenda msichana, anatamani kumwoa, lakini hana fedha za mahari. Anamfananisha na malaika na ndege mdogo, na anakiri kwamba umaskini ndio uliomshinda.

Neno lenyewe lina historia yake. Kwa Kiarabu, malaika ni wingi, na umoja wake ni malak. Waswahili walilichukua neno la wingi wakalifanya la mmoja, na katika wimbo huu likawa jina la kumwita mpenzi.

Kwa kijana wa mjini wa miaka ya 1940 na 1950, kisa hicho hakikuwa hadithi ya kubuni. Mshahara wa Mwafrika ulikuwa mdogo, ilhali wazazi wa wasichana walikuwa wameanza kudai mahari kwa fedha taslimu badala ya mifugo. Wengi waliwaona wachumba wao wakiolewa na wenye uwezo.

Mwanamuziki aliyeubeba wimbo huo ng'ambo alikuwa Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye alizuru Kenya mnamo 1962 kuunga mkono harakati za uhuru. Mnamo 1965, yeye na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba. Albamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Kutoka hapo mlango ulifunguka. Mwanamuziki Pete Seeger aliuimba nchini Marekani. Mnamo 1967, kundi la Hep Stars la Uswidi liliutoa, na mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la ABBA. Boney M. waliurekodi Ujerumani mnamo 1981, na Angelique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya Logozo mnamo 1991.

Wengi wa wasikilizaji hao hawakujua Kiswahili, na baadhi ya waimbaji waliyatamka maneno kwa namna ambayo ingemchekesha mtoto wa Mombasa. Hata hivyo, huzuni ya wimbo ilieleweka kila mahali.

Kasoro ilikuwa moja. Msikilizaji wa Ulaya au Marekani aliposikia Malaika, jina lililomjia lilikuwa la Makeba, la Belafonte au la Boney M. Baadhi ya wasanii wa ughaibuni waliuchukulia kuwa wimbo wa mapokeo ya Kiafrika, kana kwamba uliota wenyewe kama nyasi za nyikani.

Mzozo wa mtunzi

Iwapo wageni walilisahau jina la Fadhili, nyumbani walikuwapo waliodai kwamba jina hilo halikustahili kuandikwa kwenye sahani kama la mtunzi.

Mdai anayetajwa zaidi ni Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania. Wanaomuunga mkono hueleza kwamba aliutunga wimbo alipokuwa akiishi Nairobi mnamo 1945 na 1946, yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya Fadhili kuingia studioni. Kwa maelezo yao, mpenzi wake aliozwa kwa tajiri baada ya wazazi kukataa uhusiano huo.

Wengine huutaja wimbo huo kuwa wa Lucas Tututu, mwanamuziki wa pwani wa kizazi cha Fundi Konde. Aidha, wako wanaomtaja Grant Charo.

Fadhili kwa upande wake alishikilia hadi mwisho kwamba wimbo ulikuwa wake, na kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda ujanani na kumkosa kwa sababu ya mahari.

La kushangaza ni jinsi visa hivyo viwili vikuu vinavyofanana. Katika kila kimoja kuna kijana asiye na kitu, msichana mzuri, wazazi wenye kauli ya mwisho na mwanamume mwenye fedha. Kufanana huko hakumthibitishi mtu yeyote kuwa mtunzi. Kunaonyesha tu kwamba kisa hicho kilikuwa cha vijana wengi, na huenda ndiyo sababu wimbo ulipokewa upesi hivyo.

Ugumu wa kuamua unatokana na mazingira ya wakati huo. Nyimbo za dansi zilipita kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kwa masikio. Mpiga gitaa alisikia wimbo Mombasa, akaupiga Nairobi, mwenzake akaongeza ubeti Moshi. Hakuna aliyeandika noti, na hakuna aliyekwenda kwa wakili.

Sheria haiongozwi na kumbukumbu za ukumbini, bali huanza na ushahidi unaoshikika. Katika suala la Malaika, ushahidi wa mwanzo unaoshikika ni sahani yenye sauti ya Fadhili.

Kwa msingi huo, mambo mawili yanafaa kutenganishwa. Nani aliyeutunga wimbo ni suala lenye ubishi. Nani aliyeupa sura na sauti ambayo ulimwengu uliisikia halina ubishi hata kidogo. Waimbaji waliomfuata walijifunza wimbo huo kama ulivyokuwa kwenye sahani yake: mwendo wake wa taratibu, mpangilio wa beti zake na pumzi zake. Hata kama ingethibitishwa kwamba mwingine alitangulia kuutunga, bila Fadhili huenda ungebaki katika kumbukumbu za wazee wachache.

Sheria iliyochelewa

Kenya huru ilipata Sheria yake ya Hakimiliki mnamo 1966, miaka mitatu baada ya Malaika kurekodiwa katika studio za Equator. Kabla ya hapo zilitumika sheria za Uingereza. Mwaka huo huo nchi ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Hakimiliki uliosimamiwa na UNESCO, lakini ilisubiri hadi 1993 kujiunga na Mkataba wa Berne.

Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya, MCSK, kilianzishwa mnamo 1983. Wakati huo Malaika ilikuwa imeshazunguka dunia kwa karibu miaka ishirini.

Kwa wanamuziki wengi wa kizazi hicho, utaratibu ulikuwa kulipwa mara moja baada ya kurekodi, kisha kwenda zao. Mirabaha lilikuwa neno geni. Aliyekuwa na mshahara wa studio alijiona mwenye bahati kuliko mwenzake aliyelipwa kwa wimbo. Umaarufu wa Malaika haukumpa Fadhili utajiri unaolingana nao.

Mambo yalibadilika pia katika muziki wenyewe. Kufikia miaka ya 1970, benga ya akina D.O. Misiani ilikuwa imeteka soko. Bendi za Congo kama Les Mangelepa na Super Mazembe zilijaza kumbi za Nairobi, huku Simba Wanyika, iliyoanzishwa na ndugu kutoka Tanzania, ikivuma kwa rumba ya Kiswahili. Twist ya Equator ikawa muziki wa waliokuwa vijana enzi za uhuru.

Katika miaka ya 1980, Fadhili alihamia Marekani, nchi ambayo wimbo wake ulikuwa umeitangulia kwa miaka mingi. Aliishi huko kwa zaidi ya mwongo mmoja, kisha akarejea Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990.

Alirejea katika nchi iliyoupenda wimbo wake na kuupiga katika harusi, hoteli za watalii na sherehe za serikali, lakini ambayo kizazi chake kipya hakikumtambua barabarani.

Mwaka wa misiba

Kifo chake mnamo Februari 2001 kilikuwa sehemu ya msururu wa misiba iliyofunga ukurasa mmoja wa muziki wa Kenya. Fundi Konde alikuwa ametangulia Juni 2000. Daudi Kabaka, mwenzake wa Equator, alifuata Novemba 2001. Katika muda usiofika miaka miwili, Kenya ilipoteza watatu waliofundisha magitaa yake kuzungumza Kiswahili.

Sadfa nyingine ni ya kisheria. Katika mwaka huo huo aliofariki, Kenya ilipata Sheria mpya ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003. Sheria hiyo ndiyo msingi wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na iliweka wazi haki za watunzi pamoja na za waimbaji na wapigaji ala.

Chini ya sheria hiyo, haki za mtunzi wa muziki hudumu katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Haki za rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Kwa kipimo hicho, ulinzi wa rekodi ya 1963 ulifikia ukomo mwishoni mwa 2013. Lakini utunzi ni jambo jingine. Ikiwa Fadhili ndiye mtunzi, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2051. Ikiwa mtunzi ni mtu mwingine, tarehe hiyo haina maana, na familia nyingine ndiyo iliyostahili malipo muda wote huo. Mzozo ambao wengi wanauona kama porojo za mashabiki unagusa riziki ya watu.

Wasanii waliofuata walijifunza kutokana na hali hiyo. Kundi la Them Mushrooms la pwani lilipoitoa Jambo Bwana mnamo 1982, wimbo mwingine wa Kiswahili uliokuja kuimbwa na wageni wengi, wakiwamo Boney M. hao hao, jina la mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison, lilijulikana na limeendelea kutajwa. Tofauti kati ya nyimbo hizo mbili ni kumbukumbu iliyowekwa mapema.

Kwa vijana wa Voi, Wundanyi, Taveta na Njukini ambao leo wanarekodi kwa kompyuta na kusambaza nyimbo zao kwa simu siku hiyo hiyo, maisha ya Mdawida huyu yana funzo la moja kwa moja. Kipaji kinaweza kumfikisha mtu Marekani na Ulaya. Kitakachothibitisha kwamba wimbo ni wake ni karatasi aliyoijaza kabla ya kuondoka studioni.

Fadhili William aliacha nyuma sauti ya dakika chache iliyodumu kuliko bendi, studio na kampuni zilizoirekodi. Kila Malaika inapoimbwa harusini, upande wowote wa mpaka, ni mwendo wa kijana yule wa Taita unaofuatwa, hata pale ambapo hakuna anayekumbuka kumtaja.